Nyongeza ya Nusifa

Katika miaka yake yote ya kuuza maharagwe, Nusifa alikuwa amekataliwa mzigo kwa kila sababu anayoijua mfanyabiashara. Amekataliwa kwa unyevu, kwa wadudu, kwa mawe, na siku moja kwa sababu mnunuzi alikuwa ameachwa na mkewe na hakutaka kumwona mwanamke yeyote langoni. Lakini asubuhi ile, mbele ya kiwanda kipya kinachopakia vyakula vya kwenda ng'ambo, mwendo mfupi tu kutoka kwake Walukuba, mjini Jinja, alikataliwa kwa sababu ambayo hajapata kuisikia tangu azaliwe. Mzigo wake ulikuwa umezidi.

"Umezidi nini?" akauliza.

"Umezidi kipimo, jaja," akasema Juliet, msichana wa ofisi ya manunuzi. Alimwita jaja, yaani bibi, kama vijana wa mji ule wenye adabu wanavyowaita wanawake wa umri wake. Vijana wa namna hiyo walikuwa wamebaki wachache, na Nusifa alikuwa akiwahesabu kama mtu anavyohesabu meno yake ya mwisho. "Agizo linasema hivi, na wewe umeleta zaidi ya hivi."

"Nimeleta zaidi, ndiyo. Hiyo ni nyongeza."

"Mashine haijui nyongeza."

Nusifa akaigeukia mashine yenyewe. Ilikuwa bamba la chuma lililolazwa ardhini langoni, pana kiasi cha kubeba lori zima, na kando yake nguzo yenye jicho la kioo na taa tatu. Wapagazi waliipa jina la Bi Harusi, kwa kuwa hasemi, hacheki, analetewa vitu tangu asubuhi hadi jioni, na asipopendezwa shughuli nzima inasimama. Asubuhi ile Bi Harusi alikuwa amewasha taa nyekundu.

Hapa inafaa kueleza nyongeza, maana kuna watu wazima siku hizi, wenye ndevu na watoto, ambao hawajapata kupewa hata mara moja. Zamani mtu akinunua kikombe cha karanga sokoni, muuzaji alikijaza mpaka kikaota kilima, akamimina, kisha akatia mkono guniani akaongeza konzi moja bila kuombwa. Konzi hiyo ndiyo nyongeza. Ilikuwa ni kusema: nimekuona, ufike salama, urudi. Halafu ikaja sukari ya pakiti, na chumvi ya pakiti, na mafuta ya chupa yenye mfuniko uliokazwa na chuma. Nani awezaye kutia konzi ndani ya pakiti iliyozibwa kwa moto? Nyongeza ikafa bila matanga. Hakuna aliyenyoa kichwa.

Kwa Nusifa haikufa, kwa sababu alikula kiapo. Aliolewa Walukuba siku zile king'ora cha kiwanda cha nguo kilipoamsha mtaa mzima, mwenye zamu na asiye na zamu, na watu wakatoka kwenye nyumba zao za mstari kama maji ya bomba. Mumewe, Isiko, alikuwa fundi wa mitambo ya nyuzi. Kiwanda kilipopunguza watu, kisha kikapunguza waliobaki, Isiko alikaa barazani akingoja king'ora. Nusifa hakungoja. Alikwenda kwa mama mkwe wake akaomba gunia la maharagwe la kuanzia biashara, na yule mzee akampa kwa sharti moja.

"Kipimo ni haki ya mnunuzi," alimwambia. "Nyongeza ni haki ya Mungu. Ukishaitenga, usiiuze, wala isirudi nyumbani kwako. Ikirudi inarudi na njaa."

Kwa konzi hiyo Nusifa alimlea Siraj, mwanawe wa kwanza, na wadogo zake, akamzika Isiko kwa heshima, na akafika mahali pa kununua maharagwe Mbale kwa malori. Wapagazi walimwita Hajati. Makka hakuwahi kufika, lakini wao walikwishampeleka.

Mnunuzi wa zamani wa kiwanda kile alikuwa Kirunda, mtu mnene wa Mpumudde, aliyekaa chini ya bati langoni na kiti chake. Kirunda hakuwa na mashine. Alitoa haragwe moja guniani, akaliuma, akasikiliza linavyolia jinoni, na kutokana na mlio huo akajua kama limekauka. Kabla ya kuuma aliuliza habari za nyumbani, za mvua ya Mbale, za goti la Nusifa. Ilichukua nusu ya asubuhi. Nyongeza yake aliipokea katika kofia, akaondoka nayo kwa wajukuu. Siku aliyostaafu waling'oa lile bati, wakachimba shimo, wakamlaza Bi Harusi.

Tangu hapo agizo lilikuja kwenye simu. Simu ililia, Nusifa akavaa miwani, akakuta maneno: leta kiasi hiki, siku hii, bonyeza moja kukubali. Hakuna salamu. Yeye kwanza aliandika, "Salaam alaikum. Umeamkaje? Watu wa kwako hawajambo?" Simu ikajibu kwamba jibu halikutambuliwa. Ndipo alipobonyeza moja. Siraj alimcheka akamwambia anaongea na chuma. Nusifa akasema, "Mimi nimetoa salamu. Asiyeitikia, deni ni lake." Na kila agizo likija, aliisalimu upya.

Basi siku ile ya taa nyekundu, Juliet alimkalisha kwenye kivuli cha ukuta na kumweleza mambo yalivyo. Alikuwa msichana mwema, hakupandisha sauti.

"Jaja, huko ng'ambo mtu akichukua pakiti ya maharagwe dukani, rafu yenyewe inaiambia bohari. Bohari inaiambia meli. Meli inaiambia mashine yetu, na mashine yetu inakuandikia wewe. Hakuna mtu katikati."

"Hata mmoja?"

"Wewe. Na yule aliyekula."

"Hao wawili wangependa kusalimiana," akasema Nusifa.

"Inawezekana. Lakini kila kilo imekwishawekewa kiti melini, na kila gunia lina kibandiko kinachosema limetoka shamba la nani. Hii konzi yako ya juu imetoka shamba gani?"

"Imetoka moyoni."

"Moyo hauna kibandiko, jaja."

Ikabidi magunia yafunguliwe langoni na nyongeza ichotwe, kila gunia kwa zamu yake, mbele ya foleni ya madereva waliokuwa wakipiga honi. Nusifa aliigawa papo hapo kwa wapita njia, akaenda nyumbani akiwa na haya kama aliyekamatwa anaiba, ingawa kosa lake lilikuwa kinyume cha wizi.

Mara ya pili alidhani ameelewa. Magunia aliyapima sawasawa, na nyongeza akaifunga peke yake kwenye furushi dogo, akaliweka juu ya mzigo, mahali pa wazi, ili mtu yeyote mwenye macho aone kuwa hii ni hesabu nyingine. Jicho la kioo liliona furushi lisilo na kibandiko. Taa nyekundu tena.

Safari hii Juliet alitoka ofisini bila kutabasamu. "Jaja, nisikilize. Makosa mawili mashine inasamehe. Kwa la tatu inakufuta, na kwangu hakuna kitufe cha kukurudisha. Hata mkubwa wangu hana. Jina likifutika hapa linafutika katika viwanda vyote vinavyotumia mashine hii, na kila mwaka vinaongezeka."

"Anayeweza kunirudisha ni nani?"

Juliet akafikiri. "Sijui kama yupo."

Zamani mtu alifukuzwa na mtu. Ulimjua, ulijua kwake, uliweza kumtuma shangazi yake akuombee. Hata katika miaka mibaya ya askari, kulikuwa na afande mmoja wa kupigiwa magoti. Nusifa alirudi nyumbani akiwaza kwamba amezeeka mpaka wakati ambao hata wa kumpigia magoti hapatikani.

Agizo la tatu lilikuja kubwa kuliko yote aliyowahi kupata. Aliisalimu simu, haikuitika, akabonyeza moja, kisha akapanda gari la Mbale yeye mwenyewe. Hakutaka kumwamini mtu mwingine kwa mizani.

Mwenyeji wake huko alikuwa Nandutu, mwanamke wa Nkoma mwenye ua mkubwa na sauti kubwa zaidi, ambaye wanawake wa mlimani walimletea maharagwe yao. Nusifa alikuwa Msoga na Nandutu Mgisu, na lugha waliyokutana ndani yake ilikuwa Kiswahili. Cha Nusifa kilikuwa cha madrasa. Cha Nandutu kilikuwa cha sokoni, chenye viraka kama shuka la mgonjwa. Utotoni Nandutu alikiogopa, kwa sababu kilikuja nyumbani kwao kimevaa buti za askari, lakini ukubwani alikipenda, kwa maana, alisema, Mungu hajaumba lugha nzuri kama hiyo kwa kugombana.

Siku hiyo alipata nafasi ya kukitumia. Magunia yalipimwa, yakashonwa, yakabandikwa vibandiko, na Nandutu akatia mikono yote miwili kwenye rundo lililobaki.

"Hapana," akasema Nusifa. "Leo usiongeze."

Mikono ya Nandutu ikabaki hewani imejaa maharagwe. "Mama Siraj. Mimi nafanya nini mbaya?"

"Hujafanya ubaya. Ni mashine ya Jinja. Inakataa."

"Mashine nakula maharagwe?"

"Haili."

"Kama yeye hakuli, yeye nakataa kwa nini?"

"Nikizidisha tena wananifuta, Nandutu. Sitarudi hapa na lori. Nitarudi kukusalimu tu."

Nandutu akaketi juu ya gunia, maharagwe bado mikononi. "Wewe naondoka kwa mimi bila nyongeza, watu ya Nkoma nasema nini? Nasema Nandutu na Mama Siraj nakosana. Kesho nasema wewe nachukua mume yangu."

"Mume wako nimpeleke wapi?"

"Hiyo mimi najua. Watu hawajui."

Wakacheka, kisha wakagombana tena, kisha wakapatana. Nyongeza ingefungwa kwenye kitambaa, mbali na magunia, na Nusifa angeibeba mkononi kama mtu abebavyo zawadi. Ikifika Jinja isikaribie lango. Nandutu alifungua kitambaa chake cha kichwa, akafunga furushi, akampa kwa mikono miwili, na mambo yangeishia hapo, kama wanawake wa mlimani hawangekuwa wamekaa ukutani wakitazama.

Maana kama Nandutu ametoa, wao je? Magunia yale yalijazwa mazao ya mashamba yao. Kila kibandiko kilikuwa na jina la mmoja wao. Mwanamke wa kwanza alinyanyuka na konzi yake, wa pili akaja na bakuli, wa tatu, aliyekuwa na shindano la siku nyingi na wa pili, akaja na beseni. Nusifa alipiga kelele za kukataa katika lugha zote alizo nazo. Hata mmoja hakumsikia. Lori lilipofika, kando ya magunia yenye vibandiko lilikuwa limesimama gunia moja zima la nyongeza, limeshiba mpaka shingoni, halina jina la shamba lolote.

Dereva wa lori alikuwa Cleophas, Mkenya wa Bungoma, aliyeleta mabati Mbale na sasa alikuwa akishuka Jinja kutafuta mzigo wa kurudi nao kwao. Akalizunguka lile gunia.

"Hajati, huyu abiria naye ni nani?"

"Nyongeza."

"Kwetu gunia likiota kilima tunaita lumbesa, na serikali ilishasema ni hatia."

"Lumbesa mnunuzi anaipora. Nyongeza muuzaji anaitoa mwenyewe. Mmoja mwizi, mwingine jirani."

"Na kwa mizani?"

Nusifa akavuta pumzi. "Kwa mizani wote wawili ni kilo."

Njia nzima ya Tirinyi, kati ya mashamba ya mpunga na vibanda vya mananasi, walizungumza juu ya gunia hilo. Cleophas alitoa shauri kwamba liuzwe Iganga. Nyongeza haiuzwi. Basi Hajati alipeleke kwake, alile polepole. Nyongeza hairudi nyumbani. Basi ampe yeye.

"Lichukue," akasema Nusifa kwa furaha. "Lote."

Cleophas akakuna kidevu. "Gunia zima lisilo na karatasi, mpaka Malaba? Wale wa mpakani watanikaanga na mimi. Nipe kile kifurushi cha kitambaa, nimpelekee mke wangu Metrine. Akipata kitu kutoka Uganda huwa ananiamini wiki mbili."

Akampa. Cleophas akakisukuma chini ya kiti, na wote wawili wakakisahau.

Walifika Jinja jua likishuka, wakakuta foleni ya malori imejikunja kutoka langoni hadi barabara kuu. Zamu yao ingekuwa kesho mchana. Wapagazi walishusha lile gunia lisilo na jina, wakaliegemeza ukutani, nje kabisa ya macho ya Bi Harusi. Nusifa alilitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekuja bila taarifa na hana nauli ya kurudi. Haliwezi kuingia. Haliwezi kwenda nyumbani. Haliwezi kuuzwa, na kulitupa ni kufuru.

Ndipo alipozitazama nyuso zilizokuwa kwenye foleni. Madereva walikuwa wamekaa chini ya malori yao wakitafuna mahindi makavu ya kuchoma. Wapagazi, akina Bogere na wenzake, walikuwa wameegemea mikokoteni. Zamani kiwanda cha nguo kilikuwa na jiko, na saa ya chakula king'ora kilililia sufuria kama kilivyolilia kazi. Kiwanda kipya kilikuwa na kisanduku cha kioo kinachouza soda ukikitilia sarafu.

Baada ya swala ya alfajiri, Nusifa alikwenda msikitini kwao Walukuba kuazima yale masufuria makubwa ya maulidi. Akina mama wawili walimfuata bila kuuliza, kwa sababu masufuria hayo yakitoka hayatoki peke yake. Mawe yakapangwa kando ya ukuta, moto ukawashwa, vitunguu vikakatwa. Jua lilipofika juu, harufu ilikuwa imeshapita lango bila kibandiko na kuingia mpaka ofisini.

Juliet alitoka. Alimkuta Nusifa ameshika upawa, na mbele yake Bogere, mkuu wa wapagazi, mtu mwenye mabega kama mlango, anakula kimya kama mtoto.

"Jaja, hii ni nini?"

"Maharagwe."

"Naona. Unawapa watu wa kiwanda chakula siku ya mzigo wako. Mtu akiuliza kama ni hongo nijibu nini?"

"Hongo hutolewa gizani, kwa mtu mmoja," akasema Nusifa. "Hii iko juani, na amekula mpaka yule dereva wa mpinzani wangu. Na wewe sahani yako hii hapa."

Juliet aliangalia sahani, akaangalia nyuma ofisini, akaipokea. Alikula amesimama, kisha akakaa juu ya jiwe.

Zamu ikafika. Cleophas alifuta midomo, akapanda, akaliingiza lori polepole juu ya bamba. Kila mtu aliyekuwa na sahani aligeuka kutazama, maana hadithi ya makosa mawili ilikuwa imeshazunguka foleni yote. Jicho la kioo likapita juu ya magunia, kibandiko baada ya kibandiko. Nusifa alikuwa ameshika upawa kwa mikono miwili, akisoma moyoni dua yoyote iliyomjia, hata ile ya kusafiri baharini.

Taa ikawaka ya njano.

"Njano ni nini?" akauliza.

"Inashangaa," akasema Juliet, aliyekuwa amesimama tayari. "Kuna kitu kimezidi kidogo. Inatoa dakika chache, kisha inaamua."

"Cleophas, shuka," Bogere akaita. "Sahani zako zote zile zinaonekana."

Watu wakacheka, lakini Nusifa hakucheka. Cleophas alishuka, akasimama kando ya bamba na mikono juu kama aliyetekwa. Taa ilibaki ya njano. Nusifa alimwona mama mkwe wake, alimwona Isiko barazani anangoja king'ora, na akajiona yeye mwenyewe pale barazani, kando yake, anangoja simu.

Cleophas akajipiga kipaji cha uso.

Alirudi mbio, akafungua mlango, akatia mkono chini ya kiti, akatoka amelikumbatia furushi la kitambaa cha Nandutu kama mtu aliyeokoa mtoto kwenye moto. Akaruka nalo nje ya bamba. Bi Harusi akafikiri kidogo.

Kijani.

Hakuna aliyepiga makofi, maana mikono yote ilikuwa na sahani. Nusifa alikaa chini pale pale vumbini. "Nandutu angeniua kwa kitambaa chake," akasema, "na mimi nisingeweza hata kumlaumu."

"Metrine nikimsimulia haya hataniamini," akasema Cleophas. "Nimekamatwa na zawadi yake kama mwizi."

Lililofuata hakulipanga mtu. Kwa kawaida wapagazi wa lango lile walishusha mzigo kama wanaobeba maiti ya ukoo mwingine. Hawakuwa wavivu. Hakuna aliyewajua kwa jina tangu Kirunda aondoke, na mtu asiyeitwa kwa jina hana sababu ya kukimbia. Siku ile Bogere aliweka sahani chini, akajifuta mikono, akasema, "Hajati amengoja vya kutosha." Wakapanda wote. Mmoja akaanza wimbo wa kazi, wimbo wa siku za magunia ya pamba na garimoshi, ambao vijana wa kundi hawakuujua, lakini walijua mahali pa kuitikia. Magunia yalitembea juu ya mabega kama siafu. Lori lilikuwa tupu kabla majivu hayajapoa.

Bi Harusi, ambaye kazi yake ni kupima kila kitu, alipima na hilo.

Siku chache baadaye simu ya Nusifa ililia. Alivaa miwani. Maneno yalisema kwamba mzigo wake ulishushwa upesi kuliko wa muuzaji mwingine yeyote tangu mashine iwekwe, kwamba makosa yake mawili yamefutwa, na kwamba amepandishwa daraja la kwanza. Maagizo makubwa yatamjia yeye mbele ya wengine. Chini kulikuwa na swali. Mashine iliomba aeleze mbinu yake, ili wauzaji wengine wafundishwe.

Alimpelekea Juliet asome tena, asije akawa amekosea. Juliet alisoma, akatazama nje ya dirisha, pale ukutani palipobaki mawe matatu meusi kwa moshi.

"Unaijua mbinu yako, jaja?"

"Sina mbinu. Nimefuata kipimo kama ulivyoniambia."

Juliet alifungua kompyuta yake, akamwonyesha. Kulikuwa na visanduku vya kujaza: aina ya lori, aina ya gunia, saa ya kufika. Hapakuwa na kisanduku cha maharagwe yaliyopikwa. Msichana alikaa akivitazama, kisha akafunga.

"Kama hakuna pa kuandika, tusiandike," akasema. "Wakikijua chakula hiki watakitilia kipimo."

Ni neno la busara, na lilitoka kwa mtoto wa juzi, jambo linalotia matumaini mahali pasipotarajiwa. Maana walimu wa biashara wanazunguka hoteli za dunia wakieleza jinsi vitu vitakavyonunuliwa kesho, mashine kwa mashine, bila mkono wa mtu, na inawezekana wanasema kweli. Lakini hata kesho gunia litashushwa na bega, na bega lina mwenyewe.

Tangu hapo kila lori la Nusifa linapotoka Mbale, magunia yenye vibandiko huwa sawasawa mpaka haragwe la mwisho, na kando yake husimama gunia moja lisilo na jina. Nandutu haulizi tena. Ameambiwa kwamba mashine ya Jinja inakataa nyongeza lakini watu wake wanaipokea, na kwake hilo limetosha kumaliza ugomvi, ingawa huwa anauanzisha tena kwa ajili ya kufurahia Kiswahili. Cleophas hupelekewa furushi lake nje ya lango, baada ya mizani, wala si kabla. Na Ijumaa moja Kirunda mwenyewe alikuja kwa bodaboda kutoka Mpumudde, ameegemea fimbo, akapewa sahani. Akaokota haragwe moja lililopikwa, akaliuma kwa jino la mbele, akasikiliza.

"Hili limelainika," akasema kwa huzuni ya kitaalamu.

"Limepikwa, mzee," akasema Bogere.

"Nasikia."

Nusifa alikuwa na upawa mkono mmoja na simu mkono wa pili. Mashine ilikuwa imeuliza mara nyingine juu ya mbinu. Aliandika taratibu kwa kidole gumba: "Salaam alaikum. Umeamkaje? Watu wa kwako hawajambo?" Simu ikajibu kwamba jibu halikutambuliwa. Akaitia mfukoni.

Juliet alikuwa mbele yake na sahani. Nusifa akachota, akamimina.

"Imetosha, jaja."

Nusifa akatia upawa tena kwenye sufuria, akamwongezea.